Bakuli la Noeline

Kopo moja la krimu nzito,
pakiti ya supu ya vitunguu, ile ya unga,
kijiko cha siki. Basi.
Hakuna moto, hakuna kinu,
hakuna siri ya bibi wa kale:
maelekezo yapo mgongoni mwa pakiti
na Nyuzilandi nzima imeyahifadhi kama sala.

Noeline wa Oamaru alikoroga kwa uma,
akafunika kwa sahani, akasukuma ndani ya friji,
akatukataza kugusa hadi saa nzima ipite.
Tuligusa.

Leo tumemzika. Upepo wa kusini unagonga madirisha
ya ukumbi wa klabu ya raga.
Kuna kondoo wa kuchoma, kuna keki tatu,
bakuli lile halipo:
kila mmoja alidhani mwenzake ataleta.

Mjukuu akatimua mbio dukani na suti yake ya mazishi.
Akasahau siki. Tukakamua limau.

Haikuwa yenyewe.
Lakini chovya chovya, buyu likaisha,
krispi zikivunjikia humo humo,
na Tipene, mtu mzima wa miaka sitini,
akatazama kwanza mlangoni
ndipo akafuta ukingo kwa kidole.