Tisa kwa Mia

Kila mwisho wa mwezi naulizwa swali lilelile:
kabla Desemba haijaisha,
nchi hizi mbili zitabadilishana mabalozi?
Maneno hawayataki. Wanataka namba.
Nami, Shushanik, binti wa fundi saa wa Gyumri,
ofisini Yerevan, ghorofa ya nne, lifti mbovu,
naandika: tisa kwa mia.

Tisa si ndiyo, wala si hapana.
Zingekuwapo dunia mia mfano wa hii yetu,
katika tisa bendera ingepanda,
na katika tisini na moja mlingoti ungebaki uchi,
ukitafunwa na baridi.
Mama hesabu hiyo haitaki.
"Dunia ninayo moja," husema, "na goti bovu.
Niambie kama nitafika Kars au sitafika."

Kars! Kilomita sabini hazitimii.
Sabuni yao hutufikia kwa kuzunguka Georgia,
imechakaa kwa safari kama mgeni aliyepotea njia,
nasi twaoshea vikombe, hatusemi imetoka wapi.

Nimejifunza kusoma.
Waziri akitamka "mazungumzo yenye tija", nakata nusu.
Akinyamaza wiki tatu, naongeza kidogo.
Picha za kupeana mikono nazitazama miguuni:
kiatu cha nani kimeshaelekea mlangoni?
Nawinda vijambo: nani kaitisha zabuni ya mataruma ya reli,
karani gani wa forodha kahamishiwa mpakani
pamoja na mkewe. Mkewe hasa.
Mtu hahamishi mke na masufuria kwa ajili ya hotuba.

Gyumri wana ofisi yao ya utabiri:
meza ya Haykanush, muuza mbegu za alizeti.
Daftari la shule, safu mbili, *utafunguka*, *hautafunguka*,
na dau ni chupa ya konyaki.
Varazdat, aliyekuwa akigeuza njia za treni,
huandikwa safu ya kwanza kila mwaka.
Kashaliwa chupa ishirini na mbili.
Nilimwambia, kitaalamu, kwamba wewe ndugu
ni mtabiri mbovu kuliko wote niliopata kuwaona.
Akatema ganda la mbegu:
"Wewe unalipwa ukisie. Mimi nalipa."

Jumamosi nilikwenda mwenyewe hadi kwenye waya.
Reli pana ya kwetu, reli nyembamba ya kwao,
zimelala sambamba kama wana ndoa walionuniana,
nyasi imeota katikati, imekomaa, imetoa mbegu.
Ng'ambo, kwenye banda la kituo,
mwanamume alikuwa juu ya ngazi, balbu mkononi.
Akaifunga. Haikuwaka.
Akaipiga kofi. Ikawaka.
Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama
kama mtu atazamavyo kazi atakayoulizwa.

Najua, najua.
Labda walinzi wanataka mwanga wa kuchezea karata.
Labda ni mpwa wa mkuu wa kituo, kapewa kibarua.
Balbu moja haijawahi kufungua ubalozi.
Miaka thelathini na ushei ya kukisia
imejaa balbu za namna hiyo, zote zimeungua.

Jumatatu nikaandika kumi na moja.
Mher, bosi wangu, akauliza kutoka dawatini kwake:
"Hizo mbili zimetoka wapi?"
Nikachapa *ngazi*. Nikafuta.
Nikachapa: *marekebisho ya kawaida*.

Usiku mama akapiga simu.
"Mmesemaje mwezi huu?"
"Kumi na moja, mama. Ni ndogo bado. Sikia,
kumi na moja maana yake hautafunguka,
karibu kwa hakika, hautafunguka."
Kimya.
Kisha nikasikia droo ikivutwa, ile inayokwama,
karatasi zikipekuliwa,
na sauti yake, mbali na simu:
"Hii pasi yangu inaisha lini? Nisomee. Miwani sioni."