Kwanza Nyumbani

Oulu, saa tisa usiku. Theluji imeziba dirisha.
Tuulikki anaipa maktaba ya mfumo jina,
anangoja anwani.
Jibu linarudi upesi mno: namba ya seva
iliyozimwa tangu Machi.

Ameuliza Stockholm, ameuliza Frankfurt,
kote wanataja namba mpya.
Programu yake tu ndiyo king'ang'anizi.

Ndipo anakumbuka: maktaba haibishi hodi ugenini
kabla ya kupekua faili la nyumbani.
Analifungua. Mstari mmoja, wa Rauno,
nafasi mbili baada ya namba,
kama alivyoandika hadi wiki ya kulazwa.

Kidole kiko juu ya kufuta.
Hafuti.
Anatia alama ya reli mwanzoni;
mstari unanyamaza, unabaki.

Programu inauliza tena.
Safari hii inatoka nje, kwenye theluji.