Pembezoni mwa Daftari la Zamu

Saa nane za usiku, Barka. Pampu ya tatu inakohoa
kama mzee aliyekatazwa sigara na mwanawe.
Naandika shinikizo: sitini na mbili.
Naandika chumvi ya bahari: thelathini na tisa.
Kisha pembezoni, kwa penseli, pale asipopasoma msimamizi,
naandika yangu.

Hapa tunaikamua bahari.
Tunaisukuma kwenye utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
chumvi inabaki huku, maji matamu yanatokea kule,
na asubuhi Maskati nzima inachemsha chai
bila kuuliza nani alikesha.
Vyema. Wema uliokwisha kushukuriwa
umekwisha kulipwa.

Marehemu baba, mzaliwa wa Wete aliyezikwa Ibra,
hakuchoka kuniambia: tenda wema wende zako.
Nilimbishia miaka. Niende wapi, baba?
Bomba haliendi popote.
Liko palepale, lina kutu, na maji ndiyo yaendayo.
Leo ningemwambia hivi, kama angenisikiliza:
tenda wema, ubaki,
uache wema wende zake.

Shafiqul, fundi wa pampu, aliniuliza juzi
kwa Kiarabu chake cha kuokoteza:
"Hii chumvi tunaipeleka wapi?"
Nikamwonyesha bomba la pili, lile nene, lirudilo baharini.
Akalitazama. "Kwa hiyo," akasema,
"kila tukinywa, yeye anazidi kuwa mchungu."
Akaenda kufunga nati zake.
Mimi nikabaki na lile neno kama mwiba wa samaki kooni.

Kwani miji yetu imejengwaje?
Maji haya yanafika kwenye nyumba yenye chemchemi getini,
yanafika na kambini kwa kina Shafiqul,
watu kumi na wawili, bafu moja, ndoo moja ya bluu.
Maji ni yaleyale, nimeyapima mwenyewe.
Ajionaye mtamu
na aulize uchungu wake kaachiwa nani.

Thuwaiba alikuwa akinyunyiza chumvi kwenye chungwa,
mazoea aliyorithi kwa mama yake, na mama yake Chake Chake.
Nilimcheka: mke wangu,
mimi nalipwa mshahara kuitoa, wewe unairudisha!
Akanilisha kipande.
Sijui mapenzi ni nini zaidi ya hapo.

Alipofariki nilikuja na chozi langu maabara,
naam, ndani ya kichupa cha dawa ya macho.
Kipimo kikasema tisa.
Tisa! Haifiki hata robo ya bahari,
na mimi nilidhani nimezama.
Nikacheka peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu arobaini yake,
kisha nikaona haya, kisha nikacheka tena.

Sasa hili la mwisho, ambalo imamu wetu sijamwambia.
Maji yakiachwa yafuate tabia yake
hayakimbii chumvi. Huifuata.
Weka matamu huku, machungu kule, utando katikati,
usiguse kitu,
na matamu yatapenya kimyakimya kwenda kwa machungu
kuyapunguzia.
Hiyo ndiyo fitra yake, ndivyo yalivyoumbwa.
Ni sisi tunaounguza gesi usiku kucha
kuyazuia yasihurumie.

Miaka ishirini na sita nimeomba: Mola, nichuje,
nitenge na wachungu.
Siombi tena hivyo.
Nikisujudu hapa, kwenye kizulia kati ya makabati ya umeme,
namwambia tu: punguza shinikizo.

Saa kumi na dakika arobaini.
Pampu ya tatu imezimika. Shinikizo: sifuri.
Sababu: haijajulikana.
Fundi ameitwa.

(Kwa penseli: nilichelewa kidogo kumwita.
Nilisimama nikatega sikio kwenye bomba.
Yalikuwa yanarudi.)