Zamu ya Saa Tisa

Tulitoka Saaremaa tumenuniana,
kisa: sufuria. Taavet aliisahau gatini,
akasema supu yaweza kuchemka hata kwenye birika.

Usiku, Baltiki ikavua adabu.
Mawimbi yake mafupi, yaliyobanana,
kama mdai anayebisha akijua umo ndani.
Chombo kikaenda mrama, wala si kwa methali:
vitabu sakafuni, mafuta ya taa kwenye mkate,
mume wangu kaikumbatia ndoo
akiiomba radhi kwa lafudhi ya bibi yake.

Mimi na usukani.
Tanga nimelipunguza mara mbili, mara tatu,
vidole havinijui tena.
Kila robo saa naita, "Upo?"
Kila robo saa ndoo inajibu.

Saa tisa, kamba ya kiunoni mwangu ikavutwa.
Si wimbi. Ni yeye, kwa magoti,
uso kijani kama kabichi,
amejifunga kwangu badala ya mlingoti.
"Zamu yangu."
"Huwezi hata kusimama, Taavet."
"Basi nitaikaa."

Akaikaa, mgongo ukiegemea miguu yangu,
akanisomea dira namba kwa namba,
mia mbili arobaini, mia mbili thelathini na nane,
taratibu,
kama anayenitongoza upya.

Mnara wa taa wa Gotland ulipokonyeza
hakuna aliyeshangilia.
Aliniletea supu ndani ya birika.
Ilikuwa na ladha ya chai ya juzi.
Niliinywa yote, kwenye mdomo wa birika,
na habari ya sufuria
sikuigusa
mpaka bandarini.