Robo ya Dunia

Begi la Kemunto tulilipima kwenye mizani ya bucha.
Onchari alisogeza mguu wa ng'ombe kando,
akasubiri mshale utulie, akasema:
ishirini na sita na nusu.
Ruhusa ni ishirini na tatu.
Tukatoa unga wa wimbi, pakiti mbili.
Tukatoa sufuria ndogo ya marehemu mamake.
Sweta alikataa kuitoa. Akaivaa, jua la saa saba,
akatoka Pipeline akitiririka jasho
kuifuata baridi ambayo ilikuwa haijamjua bado.

Embakasi hadi Incheon
ni kilomita elfu kumi na ushei.
Mimi ni fundi saa, si rubani,
lakini niliazima tufe la shule, nikavuta uzi
kutoka kwetu hadi kwao.
Uzi ukala robo ya mviringo,
kana kwamba mtu ameikata dunia kama chungwa
akatuwekea kipande kimoja sahanini,
mimi ncha hii, yeye ncha ile.

Saa mbili angani hadi Addis.
Saa nne kwenye viti vya chuma
(huko nao, nimeambiwa, siku huhesabiwa kama kwetu,
huanza jua likianza).
Kisha saa kumi na moja bila kukanyaga udongo.
Jumla kumi na saba.
Nilizikesha zote mbele ya saa ya ukutani
ya mteja ambaye hajarudi tangu uchaguzi.
Saa ile ni nzima, haikupoteza hata dakika.
Aliyepoteza ni mimi:
sijui alikuwa juu ya bahari gani
nilipokuwa nikichemsha chai,
wala nani alilala kando yake mdomo wazi.

Sasa sikiliza hesabu hii, imeninyima usingizi.
Huko wametutangulia kwa saa sita.
Na sisi, tangu mababu, tunapunguza sita
kila tukitazama uso wa saa:
mshale mfupi uko kwenye saba,
mdomo unasema saa moja.
Basi nikiacha kupunguza,
nikisoma tu kilichoandikwa,
saba ikabaki saba,
hiyo ndiyo saa yake!
Saa saba mchana, kantini ya kiwanda,
anafunua bakuli lake la wali.
Na mshale wake yeye umesimama kwenye moja,
ambayo ni saa yangu.

Miaka thelathini na miwili nafungua saa za watu,
nazipuliza vumbi, nazibadilishia mioyo midogo,
na sikuwahi kujua
kwamba kila moja hubeba nyakati mbili,
moja ya kutamka, moja ya kunyamazia.

Leo asubuhi, Luthuli,
maduka ya redio hayajainua hata mlango mmoja,
mama muuza mayai akaniuliza saa.
Nikatazama mkono wangu.
"Saba," nikamwambia.
Akacheka hadi trei ikatikisika.
"Fundi mzima! Si ndiyo kwanza saa moja?"
Sikumbishia.
Nikanunua yai moja la kuchemsha, na chumvi kidogo,
nikalimenya polepole,
kama mtu aliyetoka kazini kwa chakula cha mchana.