Vyumba Kumi na Sita

Ghala la asali, nyuma ya stesheni ya Tabora,
saa nne usiku, treni ya Mpanda haijasema lolote.
Mayunga karani amenipa kiti cha miguu mitatu na tofali,
chai ya tangawizi, na onyo:
"Programu hiyo ukiichokonoa, itazima na mizani."

Ni ya mwaka tisini na saba.
Aliiandika Sizya, kwa lugha ya C,
kijana, akilipwa kwa madumu,
na katikati ya msimbo ameacha neno:
hapa nitarudi kesho.
Hakurudi. Anauza mbolea Urambo.
Nilipompigia alicheka, kisha akanyamaza,
kisha akauliza kama bado inafanya kazi.

Inafanya. Ndiyo balaa yake.

Jina la mrina asali alilijengea vyumba kumi na sita,
kila herufi na chumba chake,
na cha mwisho ni cha sifuri, bawabu wa kufunga mlango.
Ukuta kwa ukuta na jina, akaziweka kilo.
Na agizo la kunakili alilolitumia
halipigi hodi: hutia, hutia, hutia,
mpaka likutane na sifuri, popote ilipo.

Nkwabi Maziku anatosha, na nafasi inabaki.
Lakini Mwanamilembe Kasele, wa Ipole,
mhesabu mwenyewe, na pengo la katikati ulihesabu:
kumi na tisa.
"Kas" inapata pa kulala.
E, l, e, na bawabu wao, wanapita ukutani,
wanaingia kwenye kilo, wanakaa.

Mashine haina haya. Ikiulizwa uzito
huzisoma zile herufi kama namba:
milioni sita, laki sita, elfu arobaini na sita,
mia nane themanini na tano.
Asali ya kuzamisha stesheni na mabehewa,
kutoka kwa mama mwenye ndoo mbili juu ya baiskeli.

"Mlifanyaje miaka yote hii?"
Mayunga anaitazama kalamu yake.
"Tulimkata. Tukamwandika M. Kasele."
Na masika moja malipo yakaenda
kwa M. Kasele mwingine, shemeji yake,
aliyeyapokea bila kuuliza.

Kosa la pili nalijua kwa mikono, maana baba alirina.
Mwanachama akifutwa, kumbukumbu yake huachiwa,
lakini kielekezi kinabaki kikielekeza,
kama mtu apandaye mtundu ule ule, gizani,
akatia mkono katika mzinga alioutupa mwaka juzi.
Nyuki hawamo.
Kitu kimo.

Ukiuacha mzinga, futa na alama yako mtini.
Ni mstari mmoja tu. Niliuandika mara kumi na tisa,
mahali kumi na tisa,
na kila mara nilimtukana Sizya kidogo,
kisha nikakumbuka msimbo wangu mwenyewe, ulioko Kahama.

"Basi mpe mama vyumba ishirini," anasema Mayunga.
Hapana. Kesho atakuja wa herufi thelathini.
Nalifundisha agizo liulize kwanza: una urefu gani?
ndipo lijenge, ndipo litie,
na lisipopata kiwanja liseme limekosa,
lisijifanye limeweza.

Saa mbili asubuhi printa inakohoa.
Mwanamilembe anaishika stakabadhi,
anapitisha kidole juu ya jina lake, polepole,
mpaka ile "e" ya mwisho. Anasimama hapo.
Nangoja aseme kitu.

"Kilo thelathini na moja," anasema.
"Ndoo mmezitoa?"

Mayunga anakuna kisogo.
Mimi sijui. Sijafika huko.
Narudi kwenye kiti cha tofali,
mstari wa mia nane na tatu.