Gego la Askari Nantanga

Usiku wa tatu shavu lilikuwa limeumuka kama andazi.
Akasimama gwaride hivyo hivyo,
kofia ameivutia upande huo,
akidhani sajini haoni.
Sajini Mkwinda huona hata kifungo kilichopungukiwa uzi.

Nikamwambia: fungua kinywa.
Vidole viwili, basi.
Ufizi wa nyuma umevimba, unatoa usaha,
na harufu ya karafuu, maji ya chumvi
na kunyamaza.

Picha niliiinua kwenye mwanga wa dirisha:
gego la mwisho limelala kiubavu,
linamsukuma jirani kwa bega
kama mtu aliyechelewa foleni ya ugali.
Miaka ishirini, na taya limeshajaa.

"Watu huliita jino la akili."
"Basi mimi akili imeniingia kiubavu, afande."

Jumatatu wenzake wanatoka Nachingwea kwenda mtoni, Ruvuma,
wiki sita porini.
Ndiyo maana alificha:
aliogopa jina lake lisisomwe.
Nikamweleza, kule hakuna kiti hiki wala ganzi,
mvua ikianza gari halirudi,
na mwenye homa ya taya hasikii amri;
lindo lake hulinda mwenzake.
Akatazama buti zake.

Siku tano za vidonge, ufizi utulie.
Kisha sindano, kisu,
mfupa nikaupunguza kidogo,
jino nikaligawa vipande viwili.
Hakulia. Mguu wa kulia tu
ulikuwa unapiga kwata peke yake.
Nyuzi tatu.

"Na la upande wa pili?"

Wahenga walisema dawa ya jino ni kung'oa.
Wahenga hawakuwa na picha.
La upande wa pili limezama kimya, halimdai mtu,
na chini ya mzizi wake unapita mshipa wa fahamu
ambao nikiuchokoza
mdomo huu hautapiga mbinja tena.
Hilo tuliache lilale. Kila mwaka
njoo tulichungulie.

Malori yaliondoka alfajiri.
Aliyasikiliza kutoka wodini, kikombe cha uji mkononi,
mpaka mlio ukaishia kwenye mikorosho.

Mchana akaja kuomba vile vipande.
Akavifunga katika bahasha ya dawa.
Vya nini?
"Nampelekea mama, Ruangwa.
Alisema jeshi litanitia akili.
Aone lilivyoing'oa."